Kamba ya Kiunoni

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kuokolewa na mtu ambaye hukumwita? Usinijibu haraka. Tafuta pahala pa kuegemea, ufikiri. Sisemi kusaidiwa. Kusaidiwa nakujua, nimesaidiwa kuzaa, nimesaidiwa kujitwika ndoo, wala sikuona vibaya. Nasema kuokolewa. Uko na shughuli yako, mikono yako inajua inachofanya, mara mtu anatokea juu yako, anakushika, anakuvuta, anakuvunja, halafu anawageukia watu na kusema, "Mmeona? Bila mimi angekwisha." Kama hujawahi, sikiliza tu kama unavyosikiliza mvua juu ya bati. Kama umewahi, njoo karibu zaidi, maana hasira hii ni yetu sote na mimi nimeibeba peke yangu mpaka bega limeota sugu.

Mji wenyewe sikutajii jina, maana kila nikilitaja linanibadilikia mdomoni. Umekaa penye mlango wa maji, mahali ambapo mto haujui umeisha wapi na bahari haijui imeanzia wapi. Maji yakijaa mji huwa kijana: nyumba zinakaa karibu, gati linakuwa fupi, watu wanacheka ovyo. Yakipwa, mji unazeeka. Miguu ya gati inatokeza, myeusi, imejaa chaza na mwani, kama miguu ya mzee aliyekaa vibaya asijue watu wanamtazama. Na watu nao ni hivyo hivyo. Nimewahi kuondoka pale ni bibi mwenye mvi na kurudi ni mwari mwenye hina mbichi, na hakuna aliyeuliza. Pale hushangai. Unatazama mikono yako kwanza, ujue leo u nani, kisha unaendelea na kazi.

Sasa nikueleze desturi yao, kwani ugomvi wote unatokana na hiyo. Katika mji ule mtu hafiki mpaka apokewe. Chombo kikikaribia, aliye ndani hurusha kamba ya omo, ile ya mbele kabisa, na aliye juu ya gati huidaka. Akishaidaka anapiga ukelele, "Nimempokea!" Hapo ndipo unahesabiwa umefika. Na tangu hapo wewe ni wa yule aliyekupokea. Ukienda sokoni kununua dagaa hawakuulizi jina, wanauliza, "Huyu wa nani?" Mimi nimekuwa wa Mzee Vuai, babangu. Nikawa wa Faki, mume wangu. Alipokufa Faki nikawa wa Mwanakheri, na Mwanakheri ni binti yangu, nimemzaa mimi, nimemkanda mimi, nimemnyoa nywele za uzazi mimi. Jina langu ni Mize. Nakwambia wewe, kwa sababu gatini hakuna anayelijua.

Mwanakheri amepewa kazi ya kupokea. Anavaa kizibao cha buluu na mkononi ana upembo, ule mti mrefu wenye ndoana ya chuma mwishoni. Juu yake yuko Bwana Shaame, mkuu wa gati, mtu mnene mwenye firimbi shingoni na viatu vya ngozi ambavyo havijapata kulowa. Bwana Shaame hajawahi kupanda chombo. Hilo silisemi kwa kumcheka. Nalisema kwa sababu kila amri anayoitoa inahusu chombo.

Na hapa ndipo wanapokosea, wakosee leo, wakosee kesho, kwa moyo mweupe kabisa. Wakiipata kamba ya omo, wanaivuta. Wanaivuta kwa nguvu zote, kwa upendo wote, wakiimba na wimbo. Sasa fikiri mwenyewe. Chombo bado kina mwendo. Ukikivuta pua, pua inaingia ndani, makalio yanatoka nje, maji ya mkondo yanakisukuma ubavuni, na ule mwendo wote uliobaki unakwenda kumalizikia kwenye jiwe. Pu! Ubao unapasuka. Aliyevuta anasema, "Maskini, hajui kuendesha." Nimegongeshwa hivyo siku ya harusi yangu, Faki akivuta. Nimegongeshwa hivyo nikirudi kumzika Faki, Mwanakheri akivuta. Kidau changu kina kovu omoni ambalo nimeliziba kwa pamba na mafuta ya papa hata pamba imekuwa nyingi kuliko mti.

Safari iliyopita, nilipogongeshwa tena, Bwana Shaame alipuliza firimbi akasema mbele za watu, "Bi mkubwa, kwa usalama wako. Kidau hiki kikigonga gati mara nyingine, tutang'oa mlingoti. Utabaki na mashua yako, hatukunyang'anyi. Utaikalia hapa hapa, ikiwa imefungwa vizuri."

Umesikia? Hatukunyang'anyi. Nyuma ya banda lao iko milingoti imesimikwa ardhini, ya wanawake walioambiwa vivyo hivyo. Wameunganisha kwa waya, wanaanikia nguo. Upepo ukija, mashuka yanajaa kama matanga, na milingoti inatetemeka, haiendi. Nilipouona ule wa Bi Rukia una soksi za mtu juu yake, nikajua ni hasira gani nitakayofia.

Basi sikiliza nilivyokwenda.

Ilikuwa asubuhi yenye jua, maji yameanza kupwa. Mkondo ulikuwa unatoka juu ya mlango kuja baharini, ukipita ubavuni mwa gati. Upepo ulitoka nchi kavu, ukinijia upande wa kulia, mbele kidogo ya bega. Nilikuwa peke yangu. Kana, ule mkono wa usukani, nimeibana kwa paja, demani, ile kamba inayoshika tanga, iko mkono wa kushoto, na mkono wa kulia nimeuacha wazi, kwa sababu mtu aliye peke yake chomboni lazima awe na mkono mmoja usio na kazi. Huo ndio mkono wa jambo usilolijua bado.

Kamba ya omo sikuwa nayo. Niliifungua kabla sijaingia mlangoni, nikaikunja, nikaikalia. Badala yake nilifunga kamba moja tu, katikati ya kidau, kwenye taruma, ule mti wa kukingama wa kiunoni, pale penye uzito wake. Ukimshika mtu pua utamwangusha. Ukimshika kiuno atacheza nawe. Chombo ni hivyo hivyo. Kikishikwa kiunoni kinasimama chote kwa pamoja, mbele na nyuma, hakina la kugeukia. Matairi mabovu nilikuwa nimeyaning'iniza ubavuni, yamefungwa kwa vitambaa vya kanga kuukuu, nyekundu na nyeupe, mojawapo ile niliyojifungulia Mwanakheri.

Nikakabili mkondo. Hilo ndilo la kwanza: uende ukipingana na maji, usiende nayo. Anayekwenda na maji anafika haraka ila hana namna ya kusimama. Anayepingana nayo anakwenda polepole, na akitaka kusimama anaacha tu kujitahidi. Nililijua hili kwa mikono kabla sijalijua kwa kichwa, na nimekaa miaka mingi nikijiuliza mbona ni kweli chomboni na kwa watu hawalitaki. Mwanamke akienda na maji wanamsifu mwendo. Akiyapinga wanamwuliza anagombana na nani.

Gati likasogea. Na juu ya gati, umati.

Wafu wa mji ule hawaondoki gatini, wanasogezwa nyuma tu. Babangu nilimwona, kofia yake ya mkono, mikono imeshatandazwa kungoja kamba. Faki alikuwa mbele yake, kijana, mashavu bado hayajaota ndevu, na mara nikatazama mikono yangu nikaona hina. Wallahi, hina mbichi, na bangili zikilia kila nikigusa kana. "Turushie, bibi arusi!" wakaimba. Nikafumba macho nikayafumbua. Mikono ikawa ya mjane, mikavu, nimetoka kuogesha maiti. Nikafumba tena. Ikawa hii unayoiona sasa, yenye madoa. Safari zote tatu zilikuwa ni safari hii moja, gati lile lile, wale wale, wamenyoosha mikono ile ile. Nilikuwa nafika kwa maisha yangu yote, na katika maisha yangu yote sikuwa nimefika bado.

"Mama!" Mwanakheri akaita. "Kamba!"

"Sina!"

"Huna nini?"

"Sina kamba ya kukupa!"

Umati ukacheka. Mtu mmoja akasema, "Bibi kasahau kamba nyumbani! Kesho atasahau mashua!" Mwingine akamjibu, "Mwacheni, anataka kufunga mashua kwa macho."

Nilikuwa karibu sasa, ukingo wa gati uko sawa na kifua changu. Nikaachia demani. Tanga likaanza kupigapiga, kidau kikapungua mwendo. Lakini upepo ule wa nchi kavu, mshenzi, ukavuma kwa ghafla ukanisukuma nje kabla sijafika, na nafasi kati yangu na gati ikawa pana kuliko mguu wa bibi. Ningeweza kuruka. Kijana angeruka. Anayeruka nimemwona, nimemwona akiokotwa pia.

Sikuruka. Nikavuta demani, nikageuza omo kando, nikauacha mkondo unishushe mpaka katikati ya mlango.

Lo, kelele zile! "Amekosa! Amekosa!" Bwana Shaame akapuliza firimbi kama mpira umeingia goli. "Bi mkubwa, tunakutupia kamba sisi! Ifunge omoni, tutakuvuta!"

Kumbe wao wanadhani kuzunguka tena ni kushindwa. Mchota maji aliyeinua ndoo nusu kisimani akaona kamba imejisokota, akairudisha, ameshindwa? Nilikuwa pale katikati ya mlango, maji yananichukua, na nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma, lakini mikono iliendelea na kana na demani. Hasira yangu mimi haiwaki. Inashonwa. Mshono mmoja, unaivuta, unaibana, unaendelea.

Na nilipoinua macho nikaliona jambo lililonitia baridi. Gati lilikuwa limepanda. Mara ya kwanza lilikuwa kifuani, sasa liko begani. Maji yalikuwa yanapwa. Nikizunguka mara ya tatu litakuwa juu ya kichwa changu, na hapo hakuna mtu atakayeshuka wala kupanda kwa mguu wake, hapo ni kuvutwa tu kama gunia, na kuvutwa ni kugongeshwa, na kugongeshwa ni soksi za mtu juu ya mlingoti wangu. Ilikuwa imebaki mara hii tu.

Tazama walivyosimama kule juu. Wanazidi kuwa warefu. Videvu vinainuka, vifua vinafura, mtu aliyekuwa wa kimo changu sasa ananitazama kama kifaranga. Wala gati halikupanda, jamani! Gati ni mawe, litapanda vipi? Maji ndiyo yaliyoshuka. Wao wamesimama pale pale walipokuwa, hawakufanya kazi yoyote ya kuwa warefu, ila nimeshushwa mimi, na wao wanadhani wamekua. Nikataka kuwapigia kelele hilo. Nikataka kulipiga kelele hata mawe yasikie. Lakini pumzi ya mtu aliye peke yake chomboni ina kazi nyingine, nikaimeza. Ilikuwa na ladha ya chuma.

Maji yalisema: njoo nikupeleke, mimi sikuulizi wa nani.

Nikayajibu: wewe nawe unanishika.

Yakasema: mimi nashika chote sawasawa, sina pua wala kiuno.

Nikayajibu: ndiyo maana sikai kwako.

Nikageuza omo tena kulikabili gati. Safari hii nilikwenda juu zaidi, karibu na upepo, nikiacha nafasi ya kusukumwa. Nilihesabu tabia ya ule upepo: unavuma, unapumua, unavuma. Nikangoja unapopumua. Nikaachia demani. Tanga likapiga kofi, likapiga kofi, likanyamaza. Mkondo mbele, mwendo wangu nyuma, vikakutana chini ya mkuku, ule uti wa chombo, vikalingana, na kidau kikasimama. Kikasimama juu ya maji yanayokimbia, ubavu kwa ubavu na gati, kama mtu aliyesimama mlangoni akitafuta funguo. Uzuri wake sijui nikwambieje. Matairi yaligusa mawe kwa sauti ya mtoto anayebusu.

Nikanyanyua kamba ya kiunoni. Nikatia mguu kwenye ukingo wa kidau.

Na hapo omo ikavutwa.

Mwanakheri alikuwa amepiga magoti, upembo ameunyoosha, ndoana imeuma pua ya kidau pale pale penye kovu. Anavuta. Nyuma yake Faki anavuta, babangu anavuta, wote walio hai na wafu wameshikana viuno kama watoto mchezoni, wanavuta, na wimbo wao. Omo ikaanza kuingia. Nyuma ikaanza kutoka. Nikasikia mkondo unaweka bega lake ubavuni mwangu.

"Achia!" nikasema.

"Nimekushika, mama!"

"Nimesema achia!"

"Utaanguka!"

"Nianguke kwa mikono yangu, usiniangushe kwa yako!"

Bwana Shaame akapuliza firimbi. "Usiachie, Mwanakheri! Vuta!"

"Mwanakheri," nikamwita, na sauti yangu ikawa ndogo, ile ya jikoni, ile ambayo huwa naitumia nikiwa nimeghadhibika kweli. "Nitazame mimi. Usimtazame huyo wa firimbi. Nani alikufundisha kushika kana?"

Alinitazama, upembo bado mikononi.

"Nani alikukalisha hapa hapa kwenye taruma, meno yako ya mbele yametoka, akakwambia chombo kinashikwa wapi?"

"Wewe," akasema.

"Kinashikwa wapi?"

Jiwe lilikuwa limebaki kiganja kimoja kutoka omoni. Niliziona chaza zake moja moja, zenye ncha nyeupe.

"Mwanakheri! Kinashikwa wapi?"

"Kiunoni," akasema, na akaachia.

Upembo ukaanguka majini, ukachukuliwa. Wale waliomshika kiuno wakarudi nyuma, wakakalishana chini, Bwana Shaame pamoja nao, viatu vyake juu. Omo ikatoka yenyewe, kidau kikajinyoosha ubavuni mwa gati, nami nikapanda. Nilipanda kwa goti kwanza, kwa sababu gati lilikuwa begani na goti langu ni bovu, kisha kwa mguu. Kamba mkononi. Nikaizungusha mara moja kwenye chuma cha kufungia, nikaikaza, na chombo chote, mbele na nyuma, kikatulia. Hakikugonga. Mlingoti ulisimama juu yangu umenyooka, hauna hata leso ya mtu.

Umati haukuwa na la kupigia ukelele. Hawana neno la kumwita mtu ambaye hakupokewa na hata hivyo yupo. Bwana Shaame akajipangusa, akasema, "Sasa huyu... tumwandike wa nani?"

"Wa Mize," nikamwambia.

"Mize ndiye nani?"

Nilikuwa nimemgeukia binti yangu. Ungedhani hasira ingenipungua, nimeshafika. Haikupungua. Ilikuwa ndiyo kwanza inafika nayo, inapanda ngazi, inaweka mguu gatini. Kwa maana nilikuwa nimesikia alivyojibu. Hakufikiri. Hakukumbuka. Lilikuwa pale mdomoni, siku zote hizo.

"Ulijua," nikasema.

Alikuwa bado amepiga magoti, mikono imebaki imenyooka, mitupu, kana kwamba mti ule bado ungalimo. Kwa karibu nikaona ana mvi. Mwanangu ana mvi, na mimi nilikuwa simjui ila kwa chini, kutoka majini, juu yangu, mikono ikinijia.

"Siku ile nimetoka kumzika babako ulijua. Safari iliyopita ulijua. Hawa wengine ni wajinga, nimewasamehe ujinga wao, wanavuta kwa kuwa hawajui. Wewe ulikuwa unavuta ukijua jiwe liko wapi. Nimekalia kutia pamba kwenye kovu lile mkono wangu ukitoka malengelenge, na wewe unanishikia taa. Kwa nini, Mwanakheri?"

"Mama, watu..."

"Waache watu wasikie. Ulitaka nini?"

Akawatazama. Bwana Shaame akaitia firimbi mdomoni, akasahau kupuliza. Babangu na Faki walikuwa wameanza kufifia nyuma ya umati, maana maji yalikuwa yanazidi kupwa na mji unazidi kuzeeka. Mwanakheri akaivuta ile kamba ya kiunoni kidogo kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu kama kitambaa ni imara. Kisha akaiacha.

"Kila ukirudi unageuza chombo tu," akasema. "Unashusha samaki, unaniuliza nimekula, unatazama maji. Hata kukaa hukai. Tangu nina meno ya utoto wewe ni mgongo na tanga." Akafuta pua kwa pindo la kizibao. "Nilitaka ugonge, mama. Nilitaka waung'oe mlingoti. Nilitaka siku moja ukose pa kwenda, ukae na mimi."